Kumtambua mbwigu: kwa mnaoanza kuangalia ndege Mwanza

Ukitoka mjini kuelekea Magu na Lamadi utamwona mbwigu, ndege mweusi kwa mweupe, ametulia kileleni mwa mgunga au juu ya seng'enge. Usimwandike kwa rangi peke yake. Mramba naye hukaa hivyo hivyo, ila ni mweusi mwili mzima na mkia wake una panda. Mbwigu ana kifua cheupe. Akikupa mgongo, tafuta V nyeupe mabegani: huyo ni mbwigu wa kawaida, na jike lake lina rangi ya kahawia-nyekundu ubavuni. Mgongo ukiwa wa kijivu, mkia mweupe shinani, nao wako kadhaa wakipiga kelele kwenye mti mmoja, ni mbwigu mgongo-kijivu, anayeishi kwa ukoo na kusaidiana kulea makinda.

Kosa linalojirudia ni la kinda aliyekwisha kuruka. Ana rangi ya kahawia yenye michirizi, na wengi humwita mbwigu mgongo-mwekundu. Yule ni mgeni kutoka Ulaya na Asia, huku hupita kati ya Novemba na Aprili. Ukidhani umemwona Julai, mwangalie upya.

Ukishamjua, tafuta ghala lake, yaani mahali anapotundika windo. Mbwigu ni ndege mwimbaji anayewinda, lakini miguu yake haina nguvu ya kubana windo kama ya mwewe. Mdomo ndio silaha: ncha imepinda kama ndoana, na nyuma yake kuna jino la kuvunjia shingo. Akishaua, humchomeka panzi au mjusi kwenye mwiba au ncha ya seng'enge, kisha humnyofoa kipande kipande. Ndiyo maana wataalamu walimpa jina Lanius, yaani mchinjaji kwa Kilatini. Kagua miiba iliyo karibu na kituo chake, halafu chini yake: utakuta vidonge alivyotapika, vimejaa magamba ya mbawakawa.

Nenda kati ya saa 12 na saa 3 asubuhi, jua halijawa kali. Darubini ya 8x42 (inayokuza mara 8, lenzi ya milimita 42) inatosha. Andika aina ya windo, urefu kutoka ardhini, na kama ni bichi au limekauka. Usilichomoe hata kwa kupiga picha, maana huenda ndicho chakula cha makinda jioni hiyo. Akianza kukukaripia kwa sauti ya kukwaruza bila kuondoka, umekaribia kiota. Rudi nyuma kwa njia uliyojia.