Maswali ya Wasomaji: Wakroatia wa Janjevo

SWALI: Ndugu Mhariri, katika toleo lililopita mliwataja kwa mstari mmoja tu Wakroatia wa Janjevo, huko Kosovo, kwamba walikuwa mafundi wa kusubu shaba. Mimi ni sonara, kazi niliyorithi kwa babu yangu. Naomba kufahamu waliwezaje kubaki Wakroatia ugenini, na kwa nini sasa wamepungua mno.
Sonara, Kariakoo, Dar es Salaam

JIBU: Ndugu msomaji, umetukumbusha kwa haki kwamba mstari mmoja haukutosha. Janjevo iko kusini mwa Pristina, mji mkuu wa Kosovo, na barua ya Papa Benedikto XI ya mwaka 1303 inaitaja kuwa parokia ya Kikatoliki. Kwa mapokeo ya wenyeji, mababu zao walikuwa wafanyabiashara na wachimba migodi waliotoka Dubrovnik, mji wa pwani ya Adriatiki, wakifuata madini ya fedha ya Novo Brdo, mji wa migodi ulio karibu na Janjevo.

Wengi hudhani kwamba ni lugha iliyowahifadhi, lakini lahaja yao inafanana sana na ya majirani zao Waserbia. Kilichowatenga ni kanisa, kwa kuwa Waserbia ni Waorthodoksi na Waalbania wengi wa Kosovo ni Waislamu, kisha ndiyo hiyo kazi unayoifahamu wewe: walisubu katika kalibu mapambo na vifaa vidogo vidogo, ambavyo wachuuzi wao walivitembeza kote Yugoslavia, nchi ya zamani iliyojumuisha Kosovo, Serbia na Kroatia, na baadaye wakaongeza bidhaa za plastiki.

Kazi hiyohiyo iliyowatunza ndiyo iliyoanza kuwahamisha. Miongo kadhaa kabla ya vita vya kuvunjika kwa Yugoslavia, familia zilikwisha kufuata soko hadi Zagreb, mji mkuu wa Kroatia, zikaweka makazi katika mtaa wa Dubrava. Yugoslavia iliposambaratika katika miaka ya 1990, hofu ikawaondoa wengi wa waliobaki. Mwaka 1997 baadhi yao walipewa makazi Kistanje, katika Dalmatia, eneo la kusini mwa Kroatia, mji ambao Waserbia walikuwa wameukimbia mwaka 1995. Ni vigumu kwangu kulipita jambo hili haraka, maana watu waliopoteza nyumba zao walipelekwa kwenye nyumba ambazo wenyewe walikuwa bado hai, nao wakizililia.

Janjevo kwenyewe wamebaki Wakroatia wachache, wengi wao wazee, pamoja na Kanisa la Mtakatifu Nikola. Ukitaka kuwakuta mafundi wenzako wa ukoo huo, Dubrava ndiko utakakowapata wengi zaidi kuliko kijijini.