Bredauni inachemsha ikiwa na mzigo, niweke themostati ya digrii 76?

SWALI: Habari za kazi fundi. Nina bredauni ya kubebea magari mgongoni, injini ya dizeli, giaboksi otomatiki. Ikiwa tupu haina neno, na hata nikipakia gari barabara ikiwa tambarare geji inatulia katikati. Shida nikipanda mlima mrefu na mzigo, au nikisimama navuta gari kwa winchi, geji inapanda mpaka naogopa. Themostati iliyopo imeandikwa 88. Mmoja kaniambia niweke ya 76, mwingine anasema ning'oe kabisa nitembee bila. Nimsikilize nani?

JIBU: Za kazi njema kaka. Kwa sasa usimsikilize hata mmoja, na huyo wa kung'oa ndo umkimbie kabisa.

Themostati ni valvu inayofungulia maji ya injini njia ya kwenda kwenye rejeta yakapoe, na hiyo 88 unayoiona imegongwa juu yake ni joto ambalo inaanza kufunguka, siyo joto ambalo injini itaishia. Ndani yake kuna nta, maji yakipata moto nta inavimba inasukuma valvu, na mpaka valvu ifunguke yote maji yanakuwa yameshafika kama 100 hivi. Kuanzia hapo themostati haina la kufanya tena, kazi iko kwa rejeta, feni na wotapampu. Sasa we geji inakupandia mlimani na mzigo juu, pale themostati yoyote ambayo ni nzima, ya 76 au ya 88, imeshafunguka yote zamani, kwa hiyo ukiweka ya 76 utachelewa dakika chache tu halafu utafika palepale.

Na hasara zake zipo. Injini ya dizeli ikizunguka tupu huku maji yamepoa chini ya kiwango chake inakula mafuta zaidi, oili haipati moto wa kutosha kukausha unyevu unaoingia humo ndani, baada ya muda ukifungua mfuniko wa oili unakuta tope. Gari za siku hizi kontrol boksi, yaani kompyuta ya injini, inajua joto linatakiwa kufika wapi, lisipofika inakuwashia taa ya cheki injini na kodi P0128, na kama ina filta ya masizi kwenye eksozi basi inaweza isijichome vizuri ikaziba.

Kuhusu kung'oa, injini nyingi themostati ina sahani mbili, ya juu inafungua njia ya kwenda kwenye rejeta na ile ndogo ya chini wakati huohuo inaziba njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini. Ukitoa themostati njia ya mkato inabaki wazi muda wote, sehemu ya maji inazunguka humohumo haipiti kwenye rejeta, ndo maana kuna watu wanang'oa wakidhani wamepona halafu mlimani inachemsha kuliko mwanzo.

Turudi kwenye gari lako sasa. Ulichosema cha maana kuliko vyote ni kwamba tambarare na mzigo uleule haina shida. Mlimani unatembea polepole, kwenye winchi umesimama kabisa, sehemu zote mbili injini inafanya kazi lakini upepo wa kusukumwa na mwendo haupo, inategemea feni. Kwa hiyo mi ningeanza na klachi ya feni, ile inayoishika feni izunguke na injini. Injini ikiwa imezimwa na imepoa zungusha feni kwa mkono, ikizunguka yenyewe raundi kadhaa bila kukaza ujue klachi imekufa, na angalia katikati pale kwenye kitovu, ukikuta mchirizi wa oili umeshika vumbi basi ile oili ya ndani imevuja. Cheki na lile kava linalozunguka feni, likiwa limevunjika au halipo feni inavuta hewa ya pembeni badala ya kuipitisha kwenye rejeta.

Halafu tenganisha rejeta na kondensa ya AC, ile inayokaa mbele yake, uangalie katikati. Kwa mbele unaweza kuona pasafi kabisa kumbe huko katikati kumejaa vumbi, wadudu na nyasi vimegandamana, hewa haipiti. Osha kwa maji ya kawaida kutokea upande wa injini, presha ya kuoshea magari inalaza yale mapezi.

Kwenye otomatiki oili ya giaboksi mara nyingi inapozwa humohumo kwenye rejeta, na mlimani giaboksi inatoa moto mwingi sana, kwa hiyo kwa gari la kazi kama lako kuiwekea giaboksi kipozeo chake cha pembeni kunasaidia kuliko themostati yoyote. Na ukiwa kwenye winchi usiiache injini kwenye mzunguko wa chini kabisa, pandisha mzunguko kidogo kwa kiwango ambacho mfumo wa winchi unaruhusu, feni na wotapampu zote zitaongeza kasi.

Ukimaliza hayo ndo uipime themostati yenyewe, inaweza kuwa inafunguka nusu. Itundike kwa kamba ndani ya sufuria ya maji isiguse chini, weka na kipimajoto, washa jiko uangalie inaanza lini na inafunguka kiasi gani. Kama ni mbovu nunua ya digrii zilezile alizoweka mtengenezaji. Kama injini ni ya zamani haina mambo ya kompyuta na bado roho inakutuma, shuka mpaka 82 uishie hapo.

Ukifunga, springi ielekee ndani ya injini, ile pini ndogo ya kutolea hewa ikae juu, gasketi mpya, jaza kulanti injini ikiwa imepoa na hita ukiwa umefungulia, itoe hewa yote. Cheki na mfuniko wa rejeta, ule unaoshika presha ya ba 1 unapandisha kuchemka kwa maji mpaka kama 120, mpira wake ukichoka maji yanachemka mapema hata kama vingine vyote ni vizima. Na ukiona mapovu yanatoka kwenye rejeta mfululizo injini ikiwa inanguruma, acha hayo yote nenda kapime gasketi ya silinda hedi kwanza.