Maswali Yenu: Dawa Imepigwa, Mbuzi Bado Wanajikuna

Barua nyingi tulizopokea zinailalamikia dawa ya kuogeshea. Tumezisoma kwa makini, na katika nyingi dawa haina kosa. Kosa liko kwenye kipimo, kiasi cha maji, au siku ya kurudia.

Shikamooni wataalamu. Nina mbuzi 14 wa kienyeji. Tangu kiangazi kianze wanajikuna kwenye nguzo za zizi, na manyoya yamepukutika shingoni na mgongoni. Nimewanyunyizia amitrazi ya asilimia 12.5 mara 3, kila mwisho wa mwezi. Naweka kizibo kimoja cha dawa kwenye ndoo ya lita 10, na ndoo hiyo inawatosha wote. Nafuu ni ya wiki moja tu. Je, nimeuziwa dawa feki?
*Mfugaji, Kongwa*

Marahaba. Kabla ya kumshuku mwenye duka, mkamate mbuzi aliyezidiwa, msimamishe juani, kisha tenganisha manyoya ya shingoni na nyuma ya bega kwa vidole. Tazama kwa dakika nzima. Chawa ni wadogo kuliko punje ya ufuta, wa kahawia au kijivu, na hukimbilia chini ya manyoya mwanga ukiwapata. Mayai yao ni meupe, yamegandamana na unywele mmoja mmoja. Ukiyapuliza hayapeperuki kama mba. Maelezo yako yanafanana sana na chawa.

Sasa tupige hesabu. Dawa ya asilimia 12.5 kwa kawaida huchanganywa mililita 2 kwa kila lita 1 ya maji, yaani mililita 20 kwa ndoo yako (lebo ya chupa yako ikisema tofauti, fuata lebo). Kizibo si kipimo. Vya chupa mbili tofauti havilingani. Nunua bomba la sindano la mililita 20, ondoa sindano, na liwe la kazi hiyo tu. Halafu lita 10 kwa mbuzi 14 ni kama mililita 700 kwa kila mmoja. Kiasi hicho hulowesha ncha za manyoya, nao chawa wako chini kwenye ngozi. Mbuzi mkubwa anataka lita 1.5 hadi 2. Kwa kundi lako andaa lita 28 za maji na mililita 56 za dawa.

Lililokuangusha zaidi ni tarehe. Dawa hizi haziui mayai. Mayai ya chawa huanguliwa baada ya wiki moja na nusu hivi, na baada ya wiki nyingine 2 au 3 walioanguliwa nao huanza kutaga. Ukirudia siku ya 14 unawakuta wameshatoka kwenye mayai na bado hawajataga. Wewe umekuwa ukirudia siku ya 30, wakati kizazi kipya kimeshaacha mayai yake. Ndiyo maana nafuu yako haidumu.

Fanya hivi. Chagua asubuhi isiyo na dalili ya mvua. Wanyweshe mbuzi kwanza, kwa sababu mwenye kiu atajilamba au kunywa maji ya dawa. Weka nusu ya maji kwenye ndoo, mimina dawa, koroga, kisha jaza maji yaliyobaki. Vaa glavu na funika pua. Nyunyizia kwa kwenda kinyume cha ulalo wa manyoya, ukianzia mkiani kuelekea kichwani: mgongo, ubavu, tumbo, kwapa, katikati ya mapaja, chini ya mkia. Kichwa na masikio yafute kwa kitambaa kilicholoweshwa dawa hiyohiyo, ukikinga macho. Ukimaliza, papasa tumbo kwa kiganja chenye glavu. Ngozi ikiwa kavu, hujamaliza. Mbuzi wote waogeshwe siku moja, hata asiyejikuna, kwani mmoja akiachwa atawarudishia wenzake chawa. Dawa iliyobaki usiihifadhi kwa ajili ya wiki ijayo, maana hupoteza nguvu, na usiimwage karibu na kisima, mto au bwawa la samaki. Na tafadhali, pampu iliyotumika kuulia magugu isitumike kwa mifugo hata ukiisuuza mara kumi.

Angalia pia ndani ya kope ya chini ya kila mbuzi. Chawa hushamiri kwa mnyama aliyedhoofika, na kope iliyopauka inaweza kukuonyesha kwamba minyoo nayo ipo.

Beberu wangu ana magamba magumu kwenye masikio, puani na kuzunguka macho. Ngozi imekunjamana kama ya tembo na hali chakula vizuri. Jirani ananishauri nimpake oili chafu ya gari. Nifanye hivyo?
*Mfugaji, Makueni*

Usimpake. Oili chafu huunguza ngozi ambayo tayari ina vidonda, na mbuzi akijilamba sumu inaingia tumboni. Dalili hizo ni za upele, na wadudu wake huchimba ndani ya ngozi, kwa hiyo kumpaka juujuu hakutoshi.

Dawa inayofaa ni ivamektini ya sindano ya asilimia 1. Kipimo ni mililita 1 kwa kilo 50 za uzito, chini ya ngozi, nyuma ya bega. Beberu wa kilo 40 anapata mililita 0.8, mbuzi wa kilo 10 anapata 0.2 tu, kwa hiyo tumia bomba la mililita 1 ili usikisie. Mpime kwa mzani wa kuning'iniza, usiupime uzito kwa macho. Vuta ngozi juu kama hema, ingiza sindano kwenye uwazi huo, sukuma polepole. Rudia baada ya siku 10 hadi 14. Magamba yalainishe kwa maji ya vuguvugu na sabuni, sugua kwa brashi laini, na uyachome moto yaliyodondoka.

Mtenge na wenzake, lakini nao uwatibu. Mbuzi anayekamuliwa maziwa ya nyumbani asichomwe dawa hii kabla hujazungumza na daktari wa mifugo, na usichinje kabla siku zilizoandikwa kwenye lebo hazijaisha. Vaa glavu: upele huu unaweza kukuwasha hata wewe. Magamba yakipungua polepole usikate tamaa, ngozi iliyoota unene huchukua wiki kadhaa kurudi.

Watoto wa mbuzi wanakufa bandani, fizi zimekuwa nyeupe. Tukiingia, viroboto wanatupanda miguuni. Amitrazi haisaidii kitu.
*Kikundi cha wafugaji, Korogwe*

Haisaidii kwa sababu amitrazi si dawa ya viroboto. Tumieni jamii ya sipamethrini au deltamethrini, kwa kipimo cha lebo, tena adui mkubwa yuko chini ya miguu yenu. Kiroboto mnayemwona kwenye mbuzi ni sehemu ndogo tu ya kundi. Mayai, viluwiluwi na mabuu yaliyojifunika yako kwenye vumbi na samadi. Ondoeni samadi yote hadi kwenye udongo mgumu, ipelekeni mbali ya banda, kisha nyunyizieni sakafu, kona na kuta hadi urefu wa goti. Rudieni baada ya siku 7 hadi 10, kisha tena, kwa kuwa walio ndani ya kifuko hawadhuriki na dawa ya kwanza. Mbwa wa nyumbani nao watibiwe. Paka msimpake dawa hizi kabisa, zinaweza kumuua. Mkipata mbao, inueni sakafu iwe ya kichanja chenye nafasi za sentimita 1.5 kati ya mbao, samadi ianguke chini na kufagiliwa. Vitoto vilivyopauka sana vipelekeni kwa daktari wa mifugo leo.

Nimenunua kondoo kutoka maeneo makame, nataka kuwaleta Kiambu. Nianze kuogesha lini?
*Msomaji, Kiambu*

Siku wanayofika, kisha kila wiki, hasa wakati wa mvua. Kondoo asiyewahi kukutana na kupe wa kahawia wa masikioni hana kinga dhidi ya ugonjwa wa kondoo wa Nairobi, uliotambuliwa huko Nairobi mwaka 1910: homa kali, kamasi puani, kuhara damu, na vifo vingi. Hauna dawa, kwa hiyo kinga ni kumzuia kupe. Kila jioni kagua ndani ya masikio, chini ya mkia, kwenye kiwele na katikati ya kwato. Kupe mkubwa mwenye madoa akiwa kwatoni usimng'oe kwa nguvu, mdomo wake mrefu hubaki na kufanya jipu. Mpake dawa iliyochanganywa kwa brashi na umwache adondoke. Kupe huyo pia hueneza ugonjwa wa moyo kujaa maji, ambao ukiwahiwa siku ya kwanza ya homa hutibika kwa antibayotiki ya oksitetrasaiklini. Kondoo akianza kunyanyua miguu juu anapotembea au kuzunguka ovyo, umechelewa sana.

Punda wangu naye ana kupe. Nimnyunyizie amitrazi iliyobaki?
*Msomaji, Kajiado*

Hapana. Amitrazi husimamisha matumbo ya punda na farasi, na anaweza kufa. Muulize daktari wa mifugo akupe dawa ya jamii nyingine iliyoandikwa jina la punda kwenye lebo.