Kuhusu mofini ya mumeo

Pole sana dada. Umeuliza kama mofini ya maji, ile dawa kali ya maumivu, itamfanya mumeo awe teja au imharakishie kifo, kama mawifi zako wanavyosema. Hapana, akipewa kwa kipimo alichoandikiwa haifanyi hivyo.

Mimi nilimuuguza mume wangu nyumbani miezi mitano, saratani ya ini. Kosa langu kubwa lilikuwa kusubiri mpaka alie kwa maumivu ndipo nimpe dawa. Mofini ile hufanya kazi kama saa 4 tu, kwa hiyo mpe kwa saa alizopangiwa hata kama anasema hajambo. Dozi ya kulalia muulize daktari, mara nyingi huongezwa ili nyote mpate usingizi. Siku za mwanzo atasinzia sana. Usingizi huo alikuwa anaudai. Ila akiwa haamshiki, piga simu hospitali papo hapo. Na choo kitafunga, hilo halikwepeki, omba dawa ya kulainisha siku hiyohiyo.

Chakula usimlazimishe. Niligombana na mume wangu kwa ajili ya uji, na hadi leo inaniuma. Vijiko viwili vikimtosha, basi. Mlowanishe midomo kwa kitambaa safi, mgeuze kila baada ya saa 2.

Wifi anayesema sana mpe zamu ya usiku mmoja. Wangu alimsikia kaka yake akigumia saa nane za usiku, na kulipokucha ndiye aliyekwenda kuifuata mofini.