Wasomaji wanauliza: mradi muhimu ukisamehewa tathmini ya mazingira

SWALI: Mafuriko yamesomba daraja letu pekee. Tunaambiwa tathmini ya athari kwa mazingira itachukua zaidi ya mwaka. Je, ujenzi wake hauwezi kusamehewa?

Unaweza, na kwa maoni yetu unapaswa. Daraja lilikuwepo na njia zake zilikuwepo. Kuwaacha watu wavuke kwa mitumbwi mwaka mzima hakuukingi mto na lolote. Ila msamaha uandikwe kwa vipimo, usiandikwe kwa jina la mradi. Kanuni za barabara kuu za Marekani zinaonyesha namna. Barabara, daraja au handaki lililoharibiwa na janga lililotangazwa rasmi halifanyiwi tathmini ya kina, mradi ujenzi ubaki ndani ya hifadhi ya barabara iliyokuwepo, ufanane kwa kiasi kikubwa na usanifu, kazi na mahali pa awali, na uanze ndani ya miaka 2 tangu janga litangazwe. Maboresho ya kufikia viwango vya sasa yanaruhusiwa, kwa mfano kuinua daraja ili maji mengi zaidi yapite chini yake. Lakini daraja la njia 2 likirudi na njia 4 kwenye eneo jipya, huo ni mradi mwingine, nao ufanyiwe tathmini yake.

Mara nyingi uharibifu hutokea pembeni, daraja lenyewe likiwa salama. Mkandarasi anahitaji kifusi cha tuta, anafungua shimo jipya. Anahitaji mchepuko, anaupitisha kwenye kinamasi. Msamaha ukisema tu "ujenzi wa daraja", yote hayo huingizwa humo. Kwa hiyo machimbo, mchepuko, kambi na mahali pa kumwaga mabaki vitajwe kimoja kimoja: kipi kimesamehewa, kipi hakijasamehewa. Mchepuko wenye makalavati membamba hugeuka bwawa mvua inaporudi, na tuta lake likikatika, wimbi linawashukia walio chini ya mto.

Angalieni pia maji ya kuoshea mitambo ya zege. pH yake (kipimo cha asidi na alkali) hufika 12, na samaki hawaistahimili. Chimbeni shimo lenye turubai lisilovuja, maji yatulie humo, yapimwe, yarekebishwe hadi kati ya 6 na 9, ndipo yatoke.

SWALI: Nchi ikikaribia kukosa umeme au gesi, dharura hiyo pekee haitoshi kufuta tathmini?

Inatosha ikiwa ipo kweli na imethibitishwa. Hapa tunawapa kesi mbili za Ulaya.

Mei 2022, baada ya Urusi kuivamia Ukraine, Ujerumani ilitunga sheria ya kuharakisha vituo vya kupokea gesi iliyosindikwa kuwa kimiminika. Miradi iliyonufaika ilitajwa kwenye jedwali la sheria hiyo. Tathmini iliondolewa pale tu ambapo kuharakisha kungesaidia kwa kiasi cha maana kuepusha upungufu wa gesi, na vibali vya gesi ya kisukuku viliwekewa ukomo wa mwisho wa 2043. Kituo cha kwanza, Wilhelmshaven, kilizinduliwa Desemba mwaka uleule. Hata hivyo kibali cha kumwaga maji baharini kilihitajika. Meli inayogeuza kimiminika kuwa gesi huvuta maji ya bahari, na ili kome wasizibe mabomba maji hutiwa klorini kabla ya kurudishwa baharini. Ni klorini hiyo iliyozua ubishi. Tathmini iliondoka, athari ikabaki palepale, na ubishi ukahamia kwenye kibali.

Ubelgiji mambo yaliharibika. Mwaka 2015 sheria iliwaongezea vinu vya nyuklia vya Doel 1 na 2 miaka 10 ya kufanya kazi, bila tathmini. Kesi ilifika Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, nayo tarehe 29 Julai 2019 ikasema tathmini ilihitajika. Kujitetea kwa usalama wa umeme kunakubalika tu iwapo serikali inaonyesha kwamba hatari ya kukosa umeme inatarajiwa kweli na kwamba mradi ni wa haraka kiasi cha kuhalalisha kutofanya tathmini. Machi 2020 Mahakama ya Katiba ya Ubelgiji ikaifuta sheria hiyo, lakini ikaruhusu iendelee kutumika hadi mwisho wa 2022 ili tathmini ifanyike. Kazi iliyorukwa mwanzoni ikaja kufanywa mwishoni, vinu vikiwa vimeshakarabatiwa, wakati ambapo hakuna cha kubadilisha kwenye usanifu. Hilo ndilo linalotuuma: tathmini ina faida pale tu mchoro unapoweza kufutwa.

SWALI: Sheria imetusamehe, lakini benki inadai tathmini. Wana haki?

Wanayo. Benki zilizoridhia Kanuni za Ikweta, yaani mwongozo wa hiari wa benki kuhusu athari za miradi kwa mazingira na jamii, hudai tathmini kwa mkopo wa mradi wenye gharama ya kuanzia dola milioni 10 za Marekani, na Benki ya Dunia ina viwango vyake 10 vya mazingira na jamii. Msamaha wa bunge hauwafungi wakopeshaji. Waulizeni kabla ya kuomba msamaha.

SWALI: Tukishasamehewa, tufanye nini kabla ya greda kuingia?

Pimeni hali ilivyo. Bila takwimu za awali, kila ufa wa nyumba na kila kisima kilichokauka utakuwa deni lenu, nanyi mtakosa cha kuonyesha. Chukueni maji juu na chini ya eneo la kazi: pH, tope, mafuta. Kama muda unaruhusu, pimeni kiangazi na masika, maana tope la masika peke yake litawafanya mwonekane wasafi kuliko mlivyo. Kelele zipimwe mchana na usiku. Visima vya jirani vipimwe kina cha maji kwa kamba ileile na alama ileile. Nyumba zilizo karibu na sehemu za kulipua au kushindilia zipigwe picha, kila ufa ukiwa na rula kando yake na tarehe, kisha mwenye nyumba atie sahihi na abaki na nakala.

Nakala hiyo msiisahau. Picha zikibaki ofisini kwa mkandarasi peke yake, siku ya mgogoro hakuna atakayeziamini.