Kontroli ya kuku haimsemei bata

Wiki hii nimeona pleti mbili (sahani za vishimo vya kupimia) zikirudiwa kwa kosa ambalo uchungu wake naujua. Wadogo zangu mnaoanza kupima kingamwili za ndege, hebu sogeeni.

1. Damu ya mshipa wa bawa iacheni igande kwanza, msiikimbize kwenye friji. Seramu, yaani maji ya damu yanayobaki baada ya kuganda, ikitoka nyekundu, andikeni hivyo.

2. Azidi ya sodiamu, kemikali ya kuzuia vijidudu, isikaribie konjugeti ya peroksidesi, yaani kitambuzi cha kingamwili kilichofungwa kimeng'enya cha kutoa rangi. Inaua kimeng'enya, na pleti nzima haitoi rangi.

3. Kontroli, yaani sampuli za kulinganishia ambazo majibu yake yanajulikana. Hapa ndipo nilipoumia. Mwaka wangu wa kwanza nilipewa seramu 14 za bata wa mama mmoja aliyewachanja mdondo. Nilichokuwa nacho ni ELISA ya kuku, kipimo kinachoonyesha kingamwili kwa rangi. Nikaosha mara tatu, nikapigapiga pleti kwenye karatasi, nikaweka TMB, kemikali ambayo kimeng'enya huigeuza rangi. Kontroli chanya ikageuka buluu iliyokolea. Vishimo vya bata kimya, safu hadi safu. Nikatia asidi, nikasoma rangi kwenye mwanga wa nanomita 450, nikaandika: hawana kingamwili. Mama akaona chanjo haikushika, akawauza bata wote kwa bei ya hasara kabla mdondo haujaingia.

Wiki tatu baadaye mwalimu wangu aliniuliza, "Kontroli yako ni ya ndege gani?"

Ya kuku. Na konjugeti ilitengenezwa ishike IgY, kingamwili kuu ya damu ya ndege, ya kuku. Ya bata inaishika kwa shida, tena bata ana IgY nyingine fupi isiyo na kipande cha Fc, yaani mkia wa kingamwili. Kingamwili zilikuwa zimenasa palepale kwenye pleti, ila nilileta kitu kisichozitambua. Tukarudia kwa HI, kipimo cha kuzuia mgandamano wa chembe nyekundu, ambacho hakihitaji konjugeti: kingamwili ikizuia kirusi kugandamanisha chembe nyekundu, chembe hutua chini kama kitone, na ukiinamisha pleti kinatiririka kama chozi. Seramu za bata 11 zilizuia hata zilipozimuliwa hadi 1/16 au zaidi: kingamwili walikuwa nazo.

Nilimpelekea mama yule majibu mapya mimi mwenyewe. Banda lilikuwa limefagiliwa, manyoya machache yamebaki mlangoni. Alinikaribisha chai.

4. Kabla ya HI ya bata, changanyeni seramu na chembe nyekundu za kuku kwa nusu saa kisha mziondoe, maana seramu ya bata inaweza kuzigandamanisha yenyewe.

5. Pleti ya leo mmeiandika "kanga". Kontroli za kanga, chanya na hasi, ziko friza ya chini, kisanduku chenye utepe mwekundu. Nilizikusanya kwa mkono wangu. Zitumieni.