Jibu: Naona aibu kurudi kanisani Pasaka hii
Tumsifu Yesu Kristo, ndugu. Umeuliza uanzie wapi baada ya kukaa miaka bila kukanyaga kanisani. Kwa sisi Wakatoliki, ningesema anza na Mkesha wa Pasaka, Jumamosi Kuu usiku. Taa zinazimwa, moto unabarikiwa nje, mshumaa wa Pasaka unawashwa, kisha mwanga unapita mkono kwa mkono mpaka ukufikie. Gizani humo nani atakukodolea macho? Baadaye mtarudia ahadi za ubatizo; ukiulizwa kama unamkataa Shetani, jibu kwa sauti. Kitubio, yaani kuungama dhambi kwa padri, wahi mapema; Juma Kuu, wiki ya kuelekea Pasaka, foleni huwa ndefu. Kuhusu aibu, soma Yohana 21. Petro aliyemkana Bwana mara tatu alilishwa samaki na mkate kwanza, ndipo akaulizwa kama anampenda.